Moto wa Cubaka kule Wexlow

Agata, jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Okolona, mtaa wa Louisville, alinikuta kwenye chumba cha kufulia nguo, akafunga mlango kwanza ndipo akaanza kusema.

"Mama Précieuse, ile mama unamuachiaka mutoto, unamujua muzuri?"

"Mama M'Bagula? Ninamujua."

"Bon. Banasema ni mulozi. Anapandishaka batu mu basi ya kanisa mupaka Ohio, mu kamuji kamoja kadogo, anabaambia bamwange maji ku mulango ya zimamoto. Maji ya kuloga. Donc sasa kiwanda ya kule inakosa batu ya kazi. Ba Columbus banakataa, ba Buffalo banakataa. Muji inakauka polepole, sawa mutu mwenye balimuloga. Na wewe unamupatia mutoto ashike."

Nikamwambia maji yale si ya kuloga, ni maji ya chupa ya dukani, na ninajua kwa sababu mimi ndiye ninayeyabeba.

Agata akaanza kutoa soksi za watoto wake kwenye kikapu changu, maana zilikuwa zimechanganyika na zetu, moja baada ya nyingine, kwa vidole viwili.

Mambo ya kuloga siyajui. Lakini kwamba Mama M'Bagula alikuwa analipiza kisasi, hilo ni kweli, wala hakulificha. Aliyemuuliza alijibiwa. Shida ni kwamba watu hawaulizi, wanakwenda kuambiana kwenye mashine za kufulia. Kwa hiyo naandika mimi niliyeuliza.

Ni mwanamke mrefu, mwembamba, Mushi kwa kabila, mzaliwa wa Walungu. Kwao mwanamke anaitwa kwa jina la baba yake: M'Bagula, yaani binti Bagula. Tangu nimjue havai ila nyeusi. Gauni jeusi, kitambaa cheusi, hata koti la baridi jeusi. Binti yake Alliance, anayetunza wazee huko Amherst karibu na Buffalo, alimletea kitenge cha njano wakati wa Pasaka. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja, akamlaza mtoto wangu juu yake.

"Saa yake haiyafika," alisema.

Jioni ninapokwenda ghalani kufunga mizigo, yeye ndiye anayebaki na Précieuse mpaka baba yake arudi. Hamwimbii. Anamsimulia mji wa Wexlow: daraja lake, saa yake, askari wake wa jiwe. Mwanangu alizoea kulala kwa habari hizo kabla hajajua kusema "mama". Siku moja nikamuuliza kwa nini anamfundisha mtoto mji anaouchukia vile.

"Minaichukia, njo maana minaijua," alisema. "Ungekuwa umebakia kule, na wewe ungeijua."

Wexlow ni mji mdogo wa Ohio, katikati ya Columbus na Buffalo, kando kidogo ya barabara kuu. Una taa chache za barabarani, kiwanda cha kukata kuku, na kanisa karibu kila kona. Ndipo walipopelekwa yeye na bwana yake, Cubaka, walipotoka kambini Burundi. Cubaka alifanya kazi kwenye chumba cha baridi, yeye kwenye chumba cha kufunga. Walipanga nyumba ndogo ya mbao yenye uwanja mkubwa nyuma. Asubuhi moja Cubaka alikuwa anafungua mlango wa gari aende kazini, akakaa chini kwenye theluji kama mtu anayepumzika. Hakusimama tena.

Sasa lazima niseme habari ya mdogo wake, Mirindi, kwa sababu bila yeye hakuna kisasi.

Ndugu hao wawili walikuwa kambini pamoja na mama yao. Mirindi alikuwa kwenye faili moja na mama, na safari yao ikaitwa kwanza. Lakini mama alikuwa mgonjwa wa kifua, na mgonjwa wa kifua anacheleweshwa, naye anawachelewesha wote walioandikwa pamoja naye. Mirindi akawaambia wakubwa wa kambi kwamba mama amekufa. Akapanda ndege, akafika Columbus, leo ni shemasi mwenye nyumba nzuri Westerville, kando ya Columbus. Mama alibaki hai, lakini kwenye karatasi alikuwa marehemu, na marehemu hapewi unga wala blanketi. Cubaka alimlisha kwa sehemu yake mwenyewe. Alipokufa kweli hakuna aliyekuja kumwandika, maana alikwisha kuandikwa.

Cubaka hakumwambia mtu, ila mke wake. Alimwambia: mimi nikifa kabla yake, neno hili uliseme kwenye moto.

Kwenye ukoo wa Cubaka, matanga ni moto. Unawashwa uani siku ya kifo na hauzimwi na mtu. Wanaume wanauzunguka, wanawake wanapika karibu, na baada ya usiku wa mwisho unaachwa ufe wenyewe. Usiku huo wa mwisho mama mmoja anayenyonyesha, asiye wa ukoo, anasimama mbele ya moto na kumuuliza mjane: marehemu alikuwa na neno na nani? Wanamchagua anayenyonyesha kwa sababu huyo ana mtoto wa kufikiria, hana faida katika magomvi ya watu. Mjane anajibu. Aliyetajwa naye anajibu, mbele ya wote. Kisha mambo yanakwisha na mjane anavua nyeusi. Mjane hawezi kusema bila kuulizwa. Akisema, inahesabiwa kuwa ametukana ukoo wa bwana yake, na neno lake linatupwa.

Walipowasha moto wa Cubaka pale Wexlow, kuni zilikuwa shida, kila kitu kimelowa theluji. Asubuhi ya pili wakakuta kuni kavu zimepangwa kando ya uzio, nyingi, zimepasuliwa vizuri. Zilipowaka zilitoa harufu tamu, uwanja mzima ukanukia. Watu wakamshukuru Mirindi, kwa sababu ndiye mwenye uwezo. Naye akasema, "Ni kidogo tu, nilizinunua njiani." Mama M'Bagula pia alimshukuru. Aliniambia alipiga magoti kumshukuru.

Jioni iliyotangulia usiku wa mwisho, gari jekundu likaja. Wazimamoto walivua kofia, wakasema pole, wakafungua mpira wa maji. Moto ulilia kama mtu. Majivu yakaruka mpaka kwenye picha ya Cubaka. Wazee wakasema moto uliozimwa kwa maji hauwashwi tena pahali pale, matanga yamevunjika. Watu wakakusanya masufuria wakarudi Columbus. Hakuna aliyeuliza swali, na yule mjane akabaki na neno kooni na nguo nyeusi mwilini.

Nani aliita zimamoto? Ng'ambo ya njia aliishi bibi mmoja wa Kizungu, Verna Stoltz. Wakati maji yanamwagwa, Mama M'Bagula alimwona amesimama kwenye baraza lake, anaongea na mkuu wa zimamoto, ananyoosha kidole kwenye uwanja wao. Kwake hiyo ilitosha.

Verna ndiye mlinzi wa historia ya Wexlow. Ana jumba la makumbusho ndani ya gereza la zamani, na siku za Jumamosi anawatembeza wageni. Mama M'Bagula alianza kumfuata, kila Jumamosi, amevaa nyeusi zake, anasimama nyuma ya watu. Verna alifurahi. Alimletea kiti, akamsemea polepole. Kila walipofika mahali, Mama M'Bagula aliuliza swali moja tu: "Hapa alikufa nani?" Verna akadhani ni mtu wa imani.

Alipoumaliza mji wote, jiwe kwa jiwe, akahamia Louisville. Nikamuuliza kwa nini Louisville. Akasema ndiyo ilikuwa mbali zaidi na Wexlow ambako bado kuna watu wa kumsikiliza.

Hapo ndipo safari zikaanza. Basi la kanisa linaendeshwa na Hesbon, Mkenya aliyekuja kusoma na sasa anafanya kazi ofisini. Yeye alidhani ni masomo ya mtihani wa uraia. "Historia ni muhimu, mathe," alimwambia, "watu wetu wanafeli hapo." Mama M'Bagula alimwambia ni kweli, wanafeli sana. Sisi tunatoka Louisville alfajiri, wa Columbus wanatukuta Wexlow na magari yao, na Alliance anakuja na wa Buffalo. Mimi nabeba mtoto mgongoni na chupa za maji mkononi.

Alliance hakupenda. Safari ya kwanza alimvuta mama yake pembeni. "Mama, wacha hii mambo. Watu wanaanza kuniangalia mubaya ku kazi."

"Basi bakuangalie. Mama ya baba yako nani alimuangalia?"

Tunaanza kwenye korti. Saa ya mnara wake ilisimama siku mto ulipofurika, zamani sana, na wenyeji wakaiacha vile kwa kumbukumbu ya waliokufa. Ndivyo anavyosema Verna. Mama M'Bagula anasimama chini yake, anainua fimbo.

"Munaona hii saa? Haikufa. Ilikataa. Iliona vile batu ba hapa bako, ikasema mimi sitabahesabia tena."

Watu wanacheka. Anawaacha wacheke, kisha anawapeleka kwa askari wa jiwe, ambaye fundi alimsimamisha vibaya, akageukia kaskazini, nyumbani, badala ya kusini kulikokuwa na vita.

"Huyu ni askari yabo. Balimutuma vita, akaangalia kwanza njia ya kukimbilia."

"Kama bwana ya fulani," sauti moja ya Columbus ikasema nyuma, na wanawake wakafunika midomo.

Kutoka hapo tunakwenda kwenye stesheni ya treni ambako sasa wanauza aiskrimu, kisha kwenye tangi la maji lililochorwa kuku mkubwa mwenye kofia. Juu ya kuku yule hasemi kitu. Anamwangalia tu, na wote waliowahi kufanya kazi kiwandani wanamwangalia naye.

Daraja ndipo anapokaa sana. Ni daraja la mbao lenye paa kama nyumba, na katikati limepinda. Hii si ya kutunga, hata Verna anaisimulia hivyo: walilijenga ndugu wawili waliogombana, kila mmoja akaanza upande wake wa mto, hawakusemezana mpaka mbao zilipokutana, na hazikukutana sawasawa. Mama M'Bagula anaingia mpaka pale penye kona, anaweka mkono kwenye mbao.

"Mukubwa alijenga sawa. Mudogo njo alipindisha," anasema.

Alijuaje? Hakuna aliyeuliza.

Mwisho ni nyumba ya zimamoto. Ni ya matofali mekundu, na kengele juu. Inasemekana ndiyo ya kwanza kujengwa baada ya mji mzima kuungua, kwa moto uliotoka uani kwa fundi viatu. Hapo sauti yake inashuka.

"Hii muji iliunguaka yote. Mungu alikuwa amemaliza kazi yake. Benyewe njo balirudilia kujenga. Balizima moto ya bwana yangu na maji. Bon. Sababu banapenda maji, tubapatie maji."

Nagawa chupa. Kila mtu anamwaga kidogo kwenye kizingiti. Mara ya kwanza wazimamoto walitoka wakavua kofia, wakadhani tunawabariki. Mara ya pili tulikuta wameweka benchi kwa ajili yetu na ndoo yenye maua, tumwagie pale.

"Musimwangie maua," alisema Mama M'Bagula. "Ku mulango." Na benchi lile hakulikalia.

Ni kweli alivyosema Agata kuhusu kiwanda. Tukiwa tumesimama na chupa tupu, Mama M'Bagula anawaambia waliokuja: mukiitwa kazi huku, mukatae. Wanakataa. Wengine wanakataa kwa ajili ya Cubaka, wengine kwa kuogopa ile saa. Kiwanda kimebandika tangazo la Kiswahili barabarani Columbus, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu: hapana.

Sitasema kwamba nilikuwa nahuzunika. Nilipenda kuona mlango ule umelowa.

Safari ya Oktoba, Mirindi alikuja. Hakuwahi kuja. Aliegesha gari lake jeupe nyuma ya basi, akashuka na suti na koti refu, akasalimia watu kwa mikono miwili. "Shemeji," alimwambia Mama M'Bagula, "ninasikia sifa zako mupaka Westerville."

"Karibu, shemeji. Ninatembeza batu kidogo."

"Ni vizuri. Ni historia." Akawageukia wote. "Bapenzi, muniruhusu neno moja. Noeli hii tutamukumbuka kaka yangu Cubaka, nyumbani kwangu. Niko na nafasi ya kuota moto mu uwanja, ya majiwe, kisasa. Inaruhusiwa, nilishauliza ku muji. Mukuye wote, ba Louisville na ba Buffalo pia. Matanga ya kaka yangu ilivunjika, lakini ukumbusho hatutakosa."

Watu wakapiga makofi. Mama M'Bagula akainamisha kichwa kumshukuru, kama mjane anavyopaswa.

Alitembea nasi mpaka mwisho. Darajani alibaki nje, akasema anapokea simu. Kwenye mlango wa zimamoto nikampa chupa kama wengine. Kila mtu akamwaga. Mimi nilikuwa namfunga Précieuse mgongoni upya, nikawa nimeangalia upande wake. Mirindi alifungua chupa yake, akatazama kizingiti, akainywa. Yote. Kisha akasema ana ibada ya jioni, akaondoka kabla hatujarudi stesheni kula aiskrimu.

Gari lake lilipokata kona, mlango wa gereza la zamani ulifunguka ng'ambo ya njia. Verna akaja akisukuma kile kigari cha wazee chenye magurudumu manne. Alikuja polepole sana, na sote tukamngoja, maana uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Waliyosemezana walisema kwa Kiingereza, cha Mama M'Bagula kikivunjika kila alipokasirika. Nayaweka kwa Kiswahili.

"Wewe," alisema Verna. "Nilikuwekea kiti. Nilikufundisha mji huu wote. Kuna msichana Mkenya, Janet, alipanda basi lenu mwezi uliopita, akaja kunieleza unavyosema hapa."

"Anaeleza vizuri?"

"Vizuri sana. Juu ya saa, sawa, sisi wenyewe tunaicheka. Juu ya askari, aliyemsimamisha ni wa ukoo wangu, na alikuwa mlevi kweli. Lakini unawaambia watu kwamba mimi niliwaita zimamoto."

"Uliwaita. Niliona."

"Niliwapigia simu siku ya kwanza. Nikawaambia kuna msiba, waacheni na moto wao. Hapa ukimwarifu mkuu wa zimamoto, unaruhusiwa kuwasha. Ni hivyo tangu mji ulipoungua. Nilikusimulia mwenyewe, pale pale uliposimama."

Mama M'Bagula akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Anadanganya. Angalia vile anadanganya bila kutikisika."

Verna hakuelewa maneno, ila alielewa. Akafungua kile kiti cha kigari chake, chini yake kuna kikapu, akatoa kipande cha kuni akampa.

"Mimi ndiye niliyewaletea kuni," alisema. "Mzigo baada ya mzigo, kwa kigari hiki, kwenye theluji. Mtofaa aliopanda marehemu mume wangu, upepo uliuangusha. Hukuniambia hata asante. Nikasema basi, ana huzuni, nikanyamaza. Nusu ya mti bado iko kwenye gereji yangu, kama unataka kuihakikisha."

Mama M'Bagula alipeleka kile kipande puani. Précieuse mgongoni kwangu alikuwa anapiga kelele, anataka chupa.

"Ilikuwa inanukia," alisema mwishoni. "Uwanja mzima." Akanusa tena. "Na mimi nilipiga magoti kwa mwingine."

"Kwa nani?"

Badala yake Mama M'Bagula aliuliza, "Basi nani aliita?"

"Si huyo aliyekuwa hapa sasa hivi? Aliyekunywa maji. Nilikuwa dirishani." Verna alishika vizuri kigari chake. "Aligonga mlango wangu jioni ile. Akasema ni mdogo wa marehemu, familia imechoka, mjane hataki watu wapumzike, niwapigie simu zimamoto waje wauzime kwa heshima. Nikamwambia mimi sipigi, nenda mwenyewe ukaombe. Akaenda. Walipokuja nilishuka mpaka barazani kumuuliza mkuu wao kama kweli ni ninyi mlioomba. Nikaonyesha uwanja wenu. Akasema ndiyo, ndugu yao ndiye aliyeomba."

Mama M'Bagula alikwenda kwenye benchi la wazimamoto, akakaa. Watu wa Columbus walikuwa wanaangaliana. Alliance akaja akamshika bega, mama yake akautoa ule mkono polepole, si kwa hasira.

"Sasa uwaambie," Verna alisema. "Ulinitaja mbele ya basi lote. Nitaje tena mbele ya basi lote."

Mama M'Bagula akasimama na kipande cha kuni mkononi. "Ba ndugu," alisema, "hii mama njo alileta kuni."

"Umesema nini?" Verna aliuliza.

"Nimesema ulileta kuni."

"Ni hayo tu?"

"Kwetu ni makubwa."

"Na saa?"

"Saa inabaki vile."

Verna alitaka kukasirika tena, nikamwona amekosa nafasi. Akasema tu, "Na yule bwana?"

"Yule ni wangu," alisema Mama M'Bagula. Kisha akamuuliza kama gereji yake inafunguka kutoka nje au kutoka ndani, na kama ana mtu mwenye gari la kubebea mizigo. Verna akasema analo mwenyewe, na bado anaendesha, hata kama mwanawe hapendi. Waliinamiana wakasemezana, mweusi wa nguo na mweupe wa nywele, na yale hawakuyasema kwa sauti. Nilisikia tu Verna akiuliza, "Westerville? Mtaa gani?"

Tulipoondoka, kwa mara ya kwanza mlango ulikuwa umelowa na mimi nikatamani kuupangusa. Hesbon aliuliza kama safari ya mwezi ujao ipo.

"Hapana," alisema Mama M'Bagula. "Wexlow imekwisha."

Alikaa kando yangu na kile kipande cha mtofaa mapajani. Précieuse alikuwa analia kwa usingizi, nikamnyonyesha chini ya kitambaa. Mwezi ule nilikuwa nimeamua kumwachisha. Anatembea, anauma, baba yake amechoka kuamshwa, hata Agata alikuwa ameshaniambia ni aibu mtoto wa meno nane kunyonya. Nilikuwa nimenunua na shubiri ya kupaka titini. Mama M'Bagula aliyajua hayo yote, kila jioni mtoto yuko mikononi mwake.

Kibao cha Westerville kilipotokea mbele, aliugeuza uso dirishani, akaangalia zile nyumba mpaka zikapita.

"Majiwe ya kisasa," alisema. "Ameuliza ku muji, balimuruhusu. Safari hii hakuna mutu wa kuzima."

Nikasema hakuna.

"Batu bote batakuwa kule. Ba Louisville, ba Buffalo. Yeye mwenyewe njo alibaita. Atakaa mbele, na suti. Kuni Verna ataleta. Batasikia ile harufu, na bale balikuwa Wexlow bataijua." Aliongea kwa sauti ndogo ili asimwamshe mtoto. "Wazee balisema moto hauwashwi tena pale pahali. Pale. Habakusema ku nyumba yake."

Alipapasa kichwa cha Précieuse, kwenye nywele zilizolowa jasho, akaangalia jinsi shavu lake linavyokwenda.

"Anakunywa muzuri," alisema.

"Anauma, mama. Nilitaka kumwachisha wiki hii."

"Najua. Shubiri nimeiona." Akavuta kitambaa akamfunika mguu uliotokeza. "Wewe si wa ukoo, na uko na maziwa. Hauna kusema mengi. Utasimama ku moto, utaniuliza ile swali moja, utarudi kukaa na mutoto yako. Ile ingine ni ya kwangu na shemeji. Donc minakuomba, mutoto yangu, kitu moja tu: usimuachishe mupaka Noeli."